Nukta Tatu Kifuani

Kakule, jirani ya mama yangu kule Kipese, alisema mbele ya wanaume wa kilima chetu kwamba sitaweka bega langu chini ya mti wa kipoyi, machela yetu ya kubebea wagonjwa, hata siku moja. Alisema hivyo mimi nikiwa bado nimelala ndani ya kipoyi hicho, nimefunikwa blanketi mpaka kidevuni, wao wakinitua uani kwa mama huku jasho likiwatiririka.

"Ingénieur, tumekubeba, ni sawa," alisema akijifuta shingo. "Lakini weye ubebe mutu? Na pafu ile? Hapana. Deni yako itaozea hapa."

Watu wengine wakacheka. Mimi sikuwa na pumzi ya kumjibu.

Lakini sikuwa mgeni wa kuambiwa hapana. Nilizaliwa mwaka wa uhuru, baba akafa katika uasi uliofuata, na watu wakasema mtoto wa mjane hatamaliza shule. Nilimaliza, tena nikiwa wa kwanza. Walisema sitavuka hata Beni. Nilifika Ubelgiji, nikaosha vyombo na kulala kwenye chumba kisicho na dirisha, nikapata diploma ya ufundi wa mashine yenye muhuri wa chuma ambao ukiupapasa kwa kidole unausikia. Walisema anayerudi kutoka Ulaya humaliza feza kwa mwaka mmoja, kisha anaanza kuuza viatu vyake. Nilirudi Butembo nikajenga karakana yenye paa la bati la bluu linaloonekana kutoka kilima cha pili. Injini ya lori ikishindikana Kayna, ikashindikana Kanyabayonga, waliniletea mimi. Haya yote nayasema kwa majivuno, kwa kuwa ni kweli. Nayasema pia kwa ajili yako wewe unayesoma, labda ukiwa kwenye benchi unangoja kuitwa jina. Ujue saratani ya mapafu haikunikuta mtu dhaifu.

Ilinianza wakati wa kiangazi, katika miaka ile ambayo waasi walikuwa wanagawana mji wetu, leo bendera hii, kesho ile. Kikohozi kilikaa. Nikasema ni vumbi, nikasema ni moshi wa kuchomelea vyuma. Mke wangu Kavira, mwanamke wa Kayna asiyepoteza maneno, alikuwa akifua leso zangu. Siku moja aliiweka leso moja mezani karibu na sahani yangu, bila kuifua, na doa lake jekundu likiwa juu. Tulikula tukiitazama.

Picha ya kifua ilipigwa Butembo. Muganga aliishika kwenye dirisha muda mrefu, kisha akauliza kama nina jamaa Kampala. Hapo nikaelewa.

Sitakueleza ugonjwa wenyewe. Vitabu vipo. Nitakueleza benchi la hospitali kule Kampala. Lilikuwa refu, la mbao, limeng'arishwa na makalio ya watu kuliko rangi yoyote. Tulikuwa tunasogea. Aliye mbele akiitwa, wote tunasogea nafasi moja, na mbao unayoikalia bado ina joto la mwenzako. Baada ya wiki kadhaa nilijua joto la nani ni la nani. Kulikuwa na mama mmoja aliyekuja kila mara na kikapu cha ndizi mbivu akitugawia, ingawa hakuna aliyeweza kula. Siku moja tulisogea na mbao yake ilikuwa baridi. Kikapu hatukukiona tena.

Dawa ya maji ilianza na mvua za Machi. Iliingia polepole kwenye mshipa wa mkono, na ilipofika ulimini nilionja chuma, kama mtoto anayelamba msumari. Nywele zilitoka kwenye mto kwa mafungu. Nyusi nazo. Nilijitazama kwenye kioo cha choo cha nyumba tuliyopanga, nikaona mtu ambaye mtu yeyote angeweza kumwambia hapana akakubali. Kavira alitaka kuniogesha. Nilikataa, nikamfokea, nikamwambia mimi si maiti. Alikaa nje ya mlango wa bafu, kitambaa mkononi, mpaka nilipoanguka. Aliingia akaniinua, akaniogesha, na tangu siku ile hatukulizungumza tena jambo hilo.

Dada yangu Masika alituma maneno kutoka Butembo kwa watu wa malori: nirudi nyumbani niombewe, mashine za watu zitanimaliza. Kavira aliwajibu watu wa malori, "Mumuambie Masika, kaka yake atarudi akimaliza. Akitaka kuomba, aombee huko huko, Mungu anasikiaka Kampala pia."

Kisha ikaja mashine ya miale. Kabla ya kuanza, msichana mmoja mwenye koti jeupe alinilaza, akapima kifua changu kwa taa nyekundu, akachovya sindano kwenye wino wa bluu na kunichoma mara tatu: moja katikati ya kifua, moja kila ubavu. Alisema ni ili miale ipige mahali palepale kila siku.

"Zitatoka lini?" nilimwuliza.

"Hizi? Hazitoki, mzee," alisema, akafunika chupa ya wino.

Siku moja mashine ile ilikufa. Tulikaa kwenye benchi tangu asubuhi, kila mtu na saratani yake ikiendelea na kazi. Mimi nikanyanyuka, nikagonga mlango, nikawaambia nina diploma ya mashine kutoka Ubelgiji, wanipe bisibisi. Walicheka kwa heshima. Fundi alipokuja, nilimwambia kupitia mlango ulio wazi kwamba sauti ile ni ya feni wala si ya mota. Ilikuwa ya feni. Benchi lote lilipiga makofi. Katika miezi ile yote, hiyo ndiyo saa niliyojiona mimi.

Siku ya mwisho daktari, mzee mwenye sauti ya chini na Kiswahili cha barabarani, alitukalisha mimi na Kavira. "Uvimbe umekuwa mdogo sana. Pengine umekwisha. Lakini sikiliza. Dawa hii haijui kuingia na kutoka. Imekaa ndani yako. Pafu la kulia litapata kovu, litakuwa gumu. Miguu na vidole vitakufa ganzi, pengine vitarudi, pengine havitarudi. Masikio yatalia. Moyo wako uangaliwe. Na kila mwaka uje, kwa sababu matibabu yaleyale yanaweza kuleta ugonjwa mwingine baada ya miaka mingi. Unaelewa?"

"Donc mumenitengeneza kwa kunivunja," nilisema.

"Ndiyo," alisema. Sijasahau kwamba hakunidanganya.

Tulipita mpakani Kasindi, tukashika njia ya Beni juu ya lori la chumvi. Karibu na Beni kulikuwa na kizuizi. Wewe unayetoka kwetu unajua walichokuwa wanatafuta askari siku zile. Wapiganaji wa msituni walichanjwa kifuani, wakapakwa dawa kwenye chanjo ili risasi iwe maji. Kwa hiyo kila mwanaume alishushwa na kuambiwa atoe shati. Wengine walitoa wakarudishwa juu. Nilipotoa langu, askari kijana aliyekuwa mbele yangu alirudi nyuma hatua moja.

Nilijitazama kwa macho yake. Kifua kikavu, upande wa kulia mraba mweusi wa ngozi iliyoungua kama ugali ulioshika chini ya sufuria, na nukta tatu za bluu.

"Yaka awa!" alimwita mkubwa wake kwa Kilingala chao. Mkubwa alikuja akitafuna muwa. Alikuwa mtu wa mbali, wa kule mto mkubwa, mtu wa makamo.

"Nani alikuchanja hii?"

"Ni hospitali," nilisema. "Mimi ni ingénieur. Niko na diploma ya Ubelgiji."

"Bote beko na diploma wakitoa chemise," alisema, na askari wakacheka. "Dawa ya nani? Kamanda yako anaitwa nani?"

Lori lilianza kuguruma. Dereva hakutaka kufia pale kwa sababu yangu, wala simlaumu. Lilipoondoka, vitu vyetu vilikuwa juu yake. Nilipigishwa magoti kwenye changarawe. Magoti niliyasikia, miguu sikuisikia, na nilifikiri: nimeokoka sindano zote zile ili nife kwa nukta tatu. Nikaanza kukohoa nikashindwa kuacha.

Kavira alimsogelea yule mkubwa. Hakulia, hakupiga magoti. "Papa," alimwambia, "kama hii ni dawa ya vita, weka sikio. Sikia mwenyewe kama mutu huyu anaweza kupiga vita."

Sijui kwa nini alikubali. Labda hakuna mwanamke aliyewahi kumpa amri kwa upole hivyo tangu atoke kwao. Alitupa muwa, akachuchumaa, akaweka sikio kwenye mraba mweusi. Nywele zake zilinukia moshi. Nilivuta pumzi. Uso wake ulibadilika. Aliinuka haraka, akafuta sikio kwa kiganja kama mtu aliyeingiwa na mdudu.

"Kuna mutu anatembea mule," alisema. "Anatembea juu ya majani makavu."

Akanirushia shati. "Vaa. Muende. Muende mara moja."

Tulikwenda. Lakini neno lile sikuliacha pale kizuizini. Usiku na mchana nalisikia mpaka leo.

Butembo, karakana yangu ilikuwa imegeuzwa kambi, na paa la bluu lilikuwa na matundu. Kavira alisema twende kwa mama, Kipese, penye viazi na hewa. Ila daraja la njia ya kupanda lilikuwa limeng'olewa mbao katika mapigano, na gari lilituacha chini. Ndipo kilima kikateremka na kipoyi: miti miwili ya mkaratusi, blanketi katikati, wanaume wanane, wanne wanabeba na wanne wanawapokea. Mkubwa wao alikuwa Kasereka, katekista mwenye mvi, na yule mcheshi wao alikuwa Kakule, mpika kanyanga, ile pombe kali ya kienyeji, aliyeishi ndani ya moshi wa mapipa yake.

"Angalieni," Kakule alisema waliponiinua. "Chef de poste amerudi! Wazungu baliendaka, lakini kipoyi imebaki. Bwana, tukuimbie?"

Wakaimba kweli, wimbo wa dhihaka ambao babu zao walimwimbia chef de poste, mzungu mtawala, juu ya mabega yao bila yeye kuuelewa. Mimi niliuelewa. Mimi niliyeapa nikiwa mtoto kwamba sitambeba mtu kama mtumwa wala sitabebwa kama bwana, nililala chali nikitazama ncha za mikaratusi zikipita. Niliposhushwa nilitoa feza niliyobaki nayo. Kasereka aliusukuma mkono wangu.

"Hapana, ingénieur. Unajua sheria yetu, hata kama uliondoka ukiwa mutoto. Hii hatulipwake na feza, wala na pombe. Uliyebebwa, utabeba. Hatupimi umbali. Ukimupokea mwenzako muti akapumuzika, hata hatua kidogo, umemulipa yeye. Mpaka uwamalize bote."

Ndipo Kakule akasema lile neno la deni kuoza.

Mama alikuwa amesimama mlangoni. Alisubiri waondoke, akanigusa paji la uso. "Katika uasi ule wa kwanza nilikubeba mgongoni kwenye kilima hiki hiki," alisema. "Ulikuwa unatembea tayari, lakini hukuwa na pumzi ya kukimbia. Ulikuwa muzito kuliko leo."

Sasa nikueleze miaka iliyofuata, maana watu huandika juu ya dawa na kusahau kinachobaki.

Inabaki ganzi. Niliwahi kukanyaga kaa la moto jikoni, na Kavira ndiye aliyesikia harufu. Siwezi tena kushika skrubu ndogo. Fundi mwenye diploma anamwita mtoto wa jirani amfungie. Inabaki mlio masikioni, kama inzi ndani ya chupa, na kwa sababu yake siku moja sikusikia risasi, nikaendelea kupalilia viazi wakati majirani wote wamelala kwenye matuta. Chakula hukwama kifuani, mahali palepale miale ilipopita, lazima nisukumie maji. Ngozi ya mraba haitoi jasho. Kila mwaka, mvua za kwanza zikinyesha, lazima niende Kampala, na kila mwaka, wiki moja kabla, Kavira anaanza kuvunja vyombo.

Na anabaki yule anayetembea. Ukungu ukishuka Kipese, na dunia ikanyamaza, namsikia nyuma yangu juu ya majani makavu. Katika nchi yetu hatua za nyuma si kitu cha kudharau. Nageuka. Hakuna mtu. Nashusha pumzi, naye anasimama. Navuta, naye anakuja. Kovu la pafu hulia hivyo, daktari alinieleza, jambo la kawaida kabisa. Nilimshukuru kwa maelezo. Bado nageuka.

Lakini neno la Kakule lilinichoma kuliko mtu yule. Nilianza kutembea wakati wa kupanda viazi: kutoka mlangoni mpaka shamba la mama, kisha kukaa. Msimu wa kuvuna nilifika kwenye kisiki cha mkaratusi. Kiangazi kilichofuata nilifika kanisani, nikaingia misa ikiwa imekwisha. Kakule alikuwa akiniona kutoka kwenye mapipa yake.

"Chef de poste! Leo umefika wapi?"

"Kwenye kisiki."

"Kisiki kilikuwako tangu zamani, hakikukungojea!"

Mara mbili waliitwa kubeba, mama mjamzito, kisha mzee mmoja. Mara zote mbili nilikwenda, nikashindwa kabla ya kufikia mti. Kasereka alinirudisha kwa mkono. Kakule hakucheka siku hizo, na hiyo iliniuma zaidi.

Baadaye Kakule akaacha kuniita chef de poste. Alikonda. Siku moja alikuja uani, akakaa, akazungusha kofia mikononi.

"Ingénieur, ile nukta inaumaka?"

Nilimtazama. Nikasikia kikohozi chake, nikakijua kama mtu anavyojua sauti ya injini aliyoifungua mwenyewe.

"Nukta ni kama sindano ya kushona," nilimwambia. "Haiumi. Kile kinachouma kinakuja nyuma, na hakiishi. Lakini angalia. Niko hapa, miaka yote hii, naongea na weye."

"Donc niende?"

"Uende. Usingoje kama vile nilingoja."

Alingoja. Wengi hungoja. Alikuwa na mapipa, alikuwa na watoto, vita vilirudi, njia ikafungwa. Nakuambia mapema, ili mwisho wangu usikudanganye: Kakule alifika Kampala, alichomwa nukta zake, na hakurudi. Si kila mtu benchi linamrudisha. Mimi sijui kwa nini nilirudishwa mimi, na diploma yangu haina jibu.

Lakini siku ya kumteremsha nilikuwepo. Ilikuwa asubuhi, mvua imekatika, utelezi. Alilala ndani ya blanketi lile lile. Wale saba waliobaki walikuwepo wote, na mvi zao.

"Kasereka," nilisema, "leo ninapokea."

"Njia ni ya kushuka. Utaanguka na yeye."

"Acha aniangushe," Kakule alisema kutoka ndani ya blanketi. "Nitafurahi kuona."

Nilianza na Kasereka mwenyewe. Mti ulitua begani, na uzito wa mtu aliyekonda ulikuwa bado uzito wa mtu. Hatua chache. Miguu yangu haikuisikia ardhi, niliiangalia kwa macho kila ilipokanyaga, kama mtu anayesoma. Nikamrudishia. Nilikaa kwenye jiwe, nikavuta pumzi mpaka dunia iliporudi rangi yake, nikawafuata. Penye kisiki nilimpokea wa pili. Chini ya kanisa wa tatu. Hawakunihimiza wala hawakunizuia. Kipoyi kilinisubiri, kikaenda, kikanisubiri. Kavira alikuwa nyuma na chupa ya maji. Kifua kilikuwa kinawaka ndani ya mraba wake, na kati ya mmoja na mwingine niliwaza kwamba huenda moyo, ule ambao daktari alisema uangaliwe, utasimama hapa katikati ya viazi, na kwamba ningekubali, mradi usimame baada ya wa saba.

Wa saba nilimpokea penye daraja, ambalo sasa lilikuwa na mbao mpya. Nilivuka na mti begani mpaka upande wa gari. Tukamshusha.

Kasereka aliwatazama wenzake mmoja mmoja. Kila mmoja aliitikia kwa kichwa.

"Imeisha," alisema. "Hapana mutu hapa anamudai ingénieur."

"Na miye?" Kakule aliuliza. "Miye pia nilimubeba."

"Weye umebebwa leo," nilisema, neno moja kwa pumzi moja. "Nimekulipa weye kwanza."

Alifikiri. Nikaona uso wa zamani ukipita, wa mcheshi wa mapipani.

"Ni kweli," alisema. "Sasa ni miye niko na deni yako. Nikirudi nitakubeba, chef de poste. Ungoje."

Wakampandisha garini. Kavira alitaka tupumzike, lakini nilitaka kupanda kilima kwa miguu yangu, nikiwa sidaiwi. Ukungu ulikuwa unashuka. Tulipofika penye kisiki nilizisikia tena hatua nyuma yangu, juu ya majani makavu, na safari hiyo sikugeuka.